Kabla ya mchoro, elewaneni na wenye ardhi

Urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima mtaa uliojengwa bila mpango ili wakazi wapate hati, ukikwama, watu husema tatizo ni fedha, au kampuni, au halmashauri. Ukifuatilia, mara nyingi unakuta umekwama kwenye ukuta wa mtu. Kuna nyumba moja au mbili kwenye kona ya njia. Mwenyewe hakuulizwa mapema, akaja kuona mstari umepita juu ya choo chake, akamkatalia mpima kuingia ndani ya uzio. Kuanzia hapo barabara haina pa kupita, viwanja vya nyuma havifikiki, na mchoro wenye viwanja visivyofikika haupitishwi. Mtaa mzima uliokwisha kuchanga unasubiri watu wawili wakubali.

Haya ninawaandikia wajumbe wa kamati za urasimishaji, watendaji wa mitaa na vijana wa mipango miji wanaoingia kwenye kazi hii Dar es Salaam, Mwanza na miji mingine ya Tanzania. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, vifungu vya 56 hadi 60, inaruhusu mipango ya urasimishaji, na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inasimamia mchoro. Ngazi zenyewe zinajulikana: mkutano mkuu wa mtaa, kamati, utambuzi wa vipande vya ardhi, mchoro wa mipango miji, idhini, upimaji na bikoni (alama za mipaka zinazopigwa ardhini), ramani ya upimaji, kisha maombi ya hati. Katika orodha hiyo hakuna ngazi inayoitwa mazungumzo, na ndiyo maana watu huyaruka au huyafanya baada ya mchoro kukamilika, wakati kila badiliko linadai kuchora upya.

Swali la fidia

Mwenye ardhi akiambiwa uzio wake unasogezwa, swali lake la kwanza ni, "Mnanilipa nini?" Mjibuni ukweli, tena mapema.

Serikali ikitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, inatakiwa kulipa fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36 kwa kodi ya soko, usafiri wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, na faida iliyopotea ya miezi 36 kwa mwenye biashara. Wananchi wa mjini wanazijua habari hizi, kwa sababu kila mtu ana ndugu aliyepitiwa na barabara kubwa au reli. Urasimishaji kwa kawaida hauna fungu hilo. Unaendeshwa kwa michango ya wakazi wenyewe, na ardhi ya barabara inatolewa kwa hiari. Mjumbe anayeficha jambo hili, au anayesema "serikali itaangalia", anajitengenezea mgogoro utakaomrudia siku ya bikoni.

Wapo wanaojibu kwamba barabara ikipita thamani ya kiwanja itapanda, basi hiyo ndiyo fidia. Ni kweli nusu. Thamani inapanda kwa aliyetoa na kwa asiyetoa. Anayekaa nyuma, ambaye leo anapita kwa miguu kati ya kuta mbili, anapata barabara ya gari bila kutoa hata sentimita moja. Wa mbele anapoteza uzio, mwembe na pengine shimo la choo. Kwa maoni yangu hapo ndipo kiini cha mazungumzo yote kilipo: wa mbele anadaiwa na mtaa, lakini aliyefaidika kuliko wote ni jirani yake wa nyuma. Kamati inayowakutanisha hawa wawili hufika mbali kuliko inayomhubiria wa mbele peke yake juu ya maendeleo.

Hesabu ya mita mbili

Chukua njia ya kawaida ya mtaani, upana mita 2, urefu mita 90. Kila upande kuna viwanja sita vyenye uso wa mita 15 na kina cha mita 20, yaani mita za mraba 300 kila kimoja. Mnataka barabara ya mita 6 ili magari mawili yapishane. Zinahitajika mita 4 zaidi, mbili kila upande. Kila mmoja anatoa 2 mara 15, yaani mita za mraba 30, sawa na asilimia 10 ya kiwanja chake. Hesabu hii inaeleweka, na kwa kuwa jirani wa ng'ambo naye anatoa kiasi kilekile, inakubalika.

Shida inaanzia kwenye mambo mawili. La kwanza ni kona. Kiwanja kilekile kikiwa kwenye makutano ya njia mbili kinakatwa pande mbili. Kinabaki mita 13 kwa 18, yaani 234, na mwenyewe amepoteza 66, asilimia 22. Bado hujakata pembe ili gari la kunyonya choo liweze kukunja. Mtu wa kona akikataa msimwite mkorofi, kwa sababu ameombwa zaidi ya mara mbili ya wenzake. Kwake kuna karata moja yenye thamani ya kweli: kupendekeza kwenye mchoro kiwanja chake kiwe cha makazi na biashara. Kona ndiyo yenye fremu za maduka. Lakini aelezwe palepale kwamba kodi ya ardhi ya matumizi hayo ni kubwa kuliko ya makazi peke yake, ili asije akahisi amepewa zawadi yenye ndoana ndani.

La pili ni nyumba iliyojengwa hadi ukingoni mwa njia. Ukisimamia kipimo cha katikati ya njia, baraza inaondoka na ukuta wa chumba unaguswa. Ukisogeza barabara upande wa pili, aliyeacha nafasi kwa hekima yake anaadhibiwa: anatoa mita 4, yaani 60, asilimia 20, na jirani yake hatoi kitu. Katika hesabu yetu, kama nyumba mbili zimesazwa hivyo, wawili walio mkabala nazo wamebeba mita za mraba 30 za ziada kila mmoja. Ikiwa ardhi ya mtaa huo inauzwa, tuseme, shilingi 20,000 kwa mita ya mraba, deni ni shilingi 600,000 kwa kila aliyebeba ziada, na wanaodaiwa ni wale wawili waliosalimika. Kumsamehe mtoaji mchango wake wa urasimishaji, tuseme wa shilingi 150,000, ni ishara njema, lakini robo ya deni hailipi deni. Zilizobaki zinaweza kulipwa kidogo kidogo, au kwa kujengewa ukuta mpya, au kwa wa nyuma kuchangia matofali na saruji. Njia yoyote watakayokubaliana ni sawa mradi kiasi kimetajwa na tarehe imeandikwa.

Si lazima kila njia iwe mita 6. Mita 3 zinapitisha gari moja, mita 4 zinapitisha gari na mtu wa miguu bila mtu kujibanza ukutani. Njia fupi isiyoendelea mbele, yenye nyumba nne au tano, haina sababu ya kuvunjiwa vyoo ili ifanane na barabara kuu ya mtaa. Halmashauri nayo ina viwango vyake vya mipango miji, kwa hiyo mwulizeni afisa mipango miji wa halmashauri upana wa chini atakaoukubali kwenye eneo lililokwisha kujengeka kabla hamjaahidi chochote. Kuna kamati zilizokubaliana mita 3 mtaa mzima kwa furaha, mchoro ukarudishwa, na mazungumzo ya pili yakawa magumu mara tatu kuliko ya kwanza.

Mambo ya kujua kabla ya kubisha hodi

Msiende kuomba mita mbili mahali ambapo sheria imekwisha kuchukua zote. Kwenye barabara kuu zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ndiyo asili ya alama za X zinazopakwa kwenye majengo: nyekundu kwa aliye ndani ya mita 22.5 na hastahili fidia, kijani kwa aliye kati ya 22.5 na 30 anayesubiri fidia. Mwenye X ya kijani asikubali kusaini kwamba ameitoa ardhi hiyo bure kwa urasimishaji.

Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Dar es Salaam jambo hili linagusa maelfu ya watu walio kando ya mto Msimbazi na vijito vyake. Waambiwe siku ya kwanza kwamba vipande vyao huenda visipimwe. Kuwachangisha, kisha kuwaacha nje ya mchoro, ni dhuluma.

Kwa walio ndani ya eneo, tafuteni mlolongo wa umiliki: nani aliuza kwa nani, lini, mbele ya mjumbe gani. Hati nyingi za mauziano za zamani zinataja hatua, sio mita. "Hatua 20 kwa 15, mpaka ni minyaa." Hatua ya mtu mzima inaweza kuwa sentimita 75 au 90, kwa hiyo hatua 20 zinaweza kuwa mita 15 au mita 18. Tofauti hiyo ya mita 3 ni pana kuliko njia yenyewe. Msibishane juu ya karatasi. Wakutanisheni majirani wote wanaopakana, watembee mpakani pamoja, na pale wanapokubaliana pigeni kigingi siku hiyohiyo.

Tahadhari nyingine ni ya vifaa. Simu au GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5 hata kukiwa na anga wazi, na kati ya kuta ndefu na mapaa ya bati hukosea zaidi. Inafaa kuhesabu vipande na kujua nani yuko wapi, haifai kumwonyesha mtu atakatwa kiasi gani. Kwa mazungumzo ya kukata tumieni futi kamba ya mita 50, au vipimo vya mpima mwenye kifaa chenye usahihi wa sentimita.

Kamba, vigingi na chokaa

Mazungumzo ya barabara hayafanyiki ukumbini. Mkutano wa hadhara ni wa kutangaza, kuchagua kamati na kuchukua saini za mahudhurio. Mtu akikataa mbele ya watu mia hawezi kurudi nyuma bila kuaibika, hata akishawishika. Aendewe kwake, jioni au Jumapili mchana akiwa nyumbani, na watu wasiozidi wanne: mjumbe wa kamati wa shina lake, mzee anayemheshimu, mtaalamu wa mipango miji na mtendaji wa mtaa. Askari mgambo asiwepo. Akifika msafara wenye mgambo, mwenye nyumba atasikia neno bomoa hata kama hakuna aliyelitamka.

Anzeni na wanaopoteza zaidi. Kamati nyingi hufanya kinyume, zinakusanya kwanza saini rahisi ili zionekane zimefika asilimia 80, kisha zinabaki na asilimia 20 ambazo ndizo barabara yenyewe. Na kama ukuta wa mwenyekiti au wa mjumbe wa kamati umo kwenye mstari, huo usogezwe kwanza, matofali yaonekane chini. Hakuna hotuba inayoshinda hilo.

Mkifika, salamu kwanza, kisha mwacheni mwenye nyumba awaonyeshe mwenyewe mipaka yake. Ndipo mnapima. Funga kamba kwenye kigingi cha mwanzo, ivute hadi cha mwisho, nyunyiza chokaa chini yake. Sasa mzee anaona mstari mweupe umepita wapi: umegusa michongoma, umeacha kisima, umekata nusu ya banda la kuku. Hofu hupungua sana hapo, kwa kuwa kichwani mwake alishaona nusu ya nyumba imekwenda. Maneno yawe ya kawaida: "Mzee, tunaomba mita mbili kuanzia hapa. Jirani wa mbele naye anatoa mbili. Mwembe unabaki. Banda tunasaidiana kulihamisha." Halafu nyamazeni asikilizwe. Akisema anahitaji kuongea na watoto wake, mpeni siku, na siku hiyo mrudi kweli.

Hoja zinazogusa ni za jirani kabisa: gari la zimamoto liliposhindwa kuingia, mgonjwa aliyebebwa kwa machela hadi barabarani, jeneza lililoinamishwa kwenye kona, gari la kunyonya choo ambalo mpira wake haukufika hivyo watu wakasubiri mvua wayafungulie maji machafu. Kila mtaa una visa hivyo na wenyewe wanavijua. Habari za mikopo ya benki zisiwe mbele. Mama anayeuza vitumbua hatafuti mkopo kwa dhamana ya nyumba, na wengi wanaogopa kabisa kuiweka nyumba rehani.

Katika kukata, kuna utaratibu wa asili wa nini kitangulie. Michongoma na minyaa kwanza, kisha uzio wa mabati, ukuta wa matofali, banda, baraza. Chumba cha kulala kiwe cha mwisho kabisa, na hapo ni afadhali barabara ipinde. Jambo linalosahaulika ni shimo la choo. Kwa macho linaonekana dogo kuliko ukuta, lakini kulihamisha kunahitaji kunyonya, kufukia kwa mchanga na kifusi tabaka kwa tabaka, kuchimba jipya na kujenga juu yake. Likifunikwa tu na udongo wa juu, lori la kwanza la kokoto litazama humo. Kwa hiyo mwenye shimo ndani ya mstari asaidiwe gharama, au mstari usogee.

Wengi wataomba ukuta ubaki hadi watakapoubomoa wenyewe. Ombi ni la haki, mtu hana fedha za ukuta wa pili mwezi huu. Mkubalie, ila tarehe iandikwe, na bikoni ipigwe kwenye mstari mpya ndani ya uzio. Bikoni ikipigwa nje ya ukuta wa zamani kwa kuoneana haya, ramani itasajili mpaka wa zamani na barabara mliyoipigania itakuwa imepotea kisheria.

Mwenye shamba aliyebakiza ekari

Katika mitaa mingi ya pembezoni, katikati ya nyumba kuna pori au shamba la mikorosho la familia iliyowauzia wengine wote. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote, na kwa kawaida hukumbukwa mwishoni, akiwa ameshauza kipande cha mwisho kilichofaa kwa zahanati. Mkamilishe mazungumzo naye kabla ya mwingine yeyote.

Yeye haombwi mita mbili, anaombwa eneo la huduma, na hakuna mwenye akili timamu atakayetoa ekari nzima bure kwa sababu ya makofi ya mkutano. Mpelekeeni hesabu. Ekari 5 ni takriban mita za mraba 20,230. Zikipangwa barabara kwa asilimia 25 na huduma za jamii kwa asilimia 10, anabakiwa na takriban 13,150, sawa na viwanja 32 vya mita za mraba 400, vyote vinafikika kwa gari na vyote vimepimwa kwa jina lake. Akiendelea kuuza kwa hatua, atauza eneo kubwa zaidi kwa bei ndogo, na vipande vya ndani vitakosa wateja kwa kukosa njia. Ulizeni bei halisi za mtaa huo za kiwanja kilichopimwa na kisichopimwa, muziweke pamoja mezani, mwacheni apige hesabu na wanawe. Mkikubaliana, gharama ya kupanga na kupima viwanja vyake ibebwe na mradi, na asiuze kipande chochote hadi mchoro upite. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi. Barua yake ya kusitisha mauzo ibandikwe ofisi ya mtaa, na mtendaji asigonge mhuri kwenye mauziano yoyote ya eneo hilo.

Asiyekuwepo, marehemu, na mke ambaye jina lake halimo

Kiwanja chenye mlinzi tu kina mwenyewe mahali fulani. Mlinzi, mpangaji au shemeji hawezi kutoa ardhi ya mtu asipokuwa na hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili. Tangazo libandikwe, simu zipigwe, na ikishindikana barabara ipangwe isimguse. Msimkate mtu kwa kuwa hayupo, atarudi na wakili wakati bikoni zimekwisha kupigwa.

Mali ya marehemu inataka subira. Kaka mkubwa akisaini peke yake, dada zake wana haki ya kupinga, na mara nyingi hupinga. Kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo imteue, ndipo saini yake iwe na nguvu. Wakati jambo hilo linaendelea, warithi wote watu wazima wanaweza kusaini makubaliano ya awali ili mchoro usisimame.

Kuhusu wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mmoja kuihamisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Saini ya mke itafutwe hata kama karatasi ya mauziano ina jina la mume tu. Tena aulizwe akiwepo yeye, si kupitia kwa mume. Mara nyingi yeye ndiye anayejua maji ya mvua yanapita wapi na kwa nini ukuta ule uliwekwa pale.

Karatasi ya makubaliano

"Nimekubali kutoa barabara" si makubaliano. Karatasi iseme: "Mita 2.0 kuanzia kona ya ukuta ya kusini-magharibi, kwa urefu wa mita 15.0, kama inavyoonekana kwenye kielelezo hapa chini." Iwe na majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kielelezo kilichochorwa kwa mkono chenye vipimo, vitu vitakavyoondolewa, nani atagharamia, tarehe ya mwisho, na anachopewa mtoaji. Wasaini mwenye ardhi na mwenza wake, jirani wa kila upande, mjumbe wa shina na mtendaji wa mtaa. Nakala tatu: mwenyewe, ofisi ya mtaa, na mtaalamu anayechora. Piga picha mstari wa chokaa ukiwa bado mbichi, uiambatanishe.

Yakitokea mabishano, Baraza la Kata tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na lina siku 30. Likishindwa, linathibitisha hivyo na shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kiwanja chenye shauri kiachwe pembeni kwenye upimaji, vingine viendelee.

Mahali ambapo hati ni ya mwingine

Kuna makazi ambayo ardhi yote ina hati ya mtu au kampuni. Chasimba, Chatembo na Chachui katika kata ya Wazo, Dar es Salaam, ni mfano unaojulikana: kiwanda cha saruji kilikuwa na hati, kikashinda mahakamani, na bado njia ya kuwaacha maelfu ya wakazi mahali pao ikatafutwa kwa mazungumzo yaliyosimamiwa na serikali. Pwani ya Kenya, huko Likoni, Mombasa, shamba la Waitiki la ekari 930 lilinunuliwa na serikali, wakazi wakaanza kupewa hati Januari 2016, na kila mmoja akatakiwa kulipa shilingi 182,000 za Kenya. Malalamiko juu ya kiasi hicho yalizuka.

Kabla ya kukaa na mwenye hati kama huyo, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati: hati iko hai, ina rehani ya benki, kodi ya ardhi imelipwa, masharti ya uendelezaji yametimizwa? Hati yenye rehani ina mwenye sauti wa pili, benki, na makubaliano bila yeye ni bure. Sheria ya Ukomo wa Muda inaweka miaka 12 kwa madai ya kurudisha ardhi, lakini walioingia kwa ruhusa, kama wapangaji au walinzi, hawafaidiki nayo kirahisi, na mahakama huichunguza kwa ukali. Iwe sababu ya mwenye hati kukaa mezani, isiwe ahadi kwa wananchi kwamba wameshinda. Mezani ombeni mambo matatu: bei moja kwa mita ya mraba, muda wa kulipa unaolingana na kipato cha watu, na hati kutolewa kwa kila anayemaliza bila kumsubiri jirani yake.

Fedha na mazungumzo ni kitu kimoja

Wizara iliwahi kushusha kikomo cha mchango hadi shilingi 150,000 kwa kiwanja. Kwa kiwango hicho, mtaa wa viwanja 600 una bajeti ya shilingi milioni 90 kama wote watalipa. Wakilipa asilimia 40 ni milioni 36, na kwa kawaida zinaishia kwenye mchoro kabla bikoni hazijapigwa. Wasiolipa mara nyingi ni walewale ambao hawakuelewana na kamati juu ya mpaka. Wameishikilia fedha kwa kuwa ndiyo karata pekee waliyonayo. Kumtumia barua ya onyo mtu huyo ni kupoteza muda, mrudieni na kamba. Kampuni nayo ilipwe kwa hatua: sehemu baada ya mchoro kupitishwa, sehemu baada ya bikoni, ya mwisho baada ya ramani ya upimaji kuidhinishwa. Mweka hazina asiwe mwenyekiti wa mtaa, na taarifa ya benki ibandikwe ukutani kila mwezi.

Bikoni zikishapigwa

Barabara iliyopimwa bila kufunguliwa inafungwa tena. Mwenye kutoa akiona miezi sita imepita na nafasi ina majani, atarudisha mahindi, kisha uzio. Ndani ya wiki chache ng'oeni visiki, fukieni mashimo, pitisheni gari la kwanza hata kwa kifusi tu. Kamati ipeleke mchoro ulioidhinishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kuomba barabara hizo ziingizwe kwenye mtandao wanaouhudumia, la sivyo hakuna greda litakalopangwa kuja. Na kila mwenye kiwanja aonyeshwe bikoni zake kwa mguu, namba ya kila moja iandikwe kwenye nakala yake ya makubaliano. Watoto huzing'oa, mafundi huzitumia kama mawe ya msingi, na mpima anaweza kuirudisha iliyopotea mahali pake palepale iwapo zilizoizunguka bado zipo.